Nyumba ya kupanga baada ya volkano

Leo tuongee juu ya nyumba ya kupanga, kwa kuwa ugomvi mwingi unazaliwa pale mlangoni.

Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, mlima Nyiragongo ulitapika, na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulitapika tena, ukafunika nyumba upande wa Buhene na Kibati. Siku tano baadaye serikali iliamuru watu wa katiye kumi za mji wahame. Walijaa Sake, Rutshuru, Bukavu, hata ng'ambo kule Rwanda. Wengi walipokelewa na ndugu. Lakini vyumba viwili vikilala watu kumi na tano, undugu wenyewe unachoka.

Ndipo msaada wa kulipa nyumba unapofaa. Familia inapewa kodi ya miezi fulani, inachagua yenyewe pa kukaa, karibu na masomo ya watoto na kazi ya baba. Ni afadhali kuliko turubai juu ya mawe ya volkano. Ila anayetoa msaada asisahau garanti! Kwetu nani anaingia nyumbani kwa kodi ya mwezi mmoja tu? Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Mwenye nyumba akidai sita kwa kuwa ameona watu wako na shida, anavunja sheria, na chefu amwambie hivyo bila woga.

Tena mapatano yaandikwe: kodi ni ngapi, garanti imetolewa na nani na itarudi kwa nani, msaada utaisha mwezi gani. Hapo ndipo vita inaanza. Shirika limeondoka, mwenye nyumba anadai, familia inafikiri bado inalipiwa. Chefu atie sahihi kama shahidi, asiombe kitu.

Kuhusu orodha, tusiandike wenye viwanja peke yao. Mpangaji ambaye nyumba yake iliungua alipoteza kitanda, sufuria na garanti pia. Majina yote yasomwe mbele ya watu kabla pesa haijatoka. Mwenye neno aseme siku hiyo hiyo, mchana, na asitaje kabila la mtu.