Subira ya Nabii Yaakub (A.S.)

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya jamaa siku ya mkutano

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Nimetakiwa niseme machache juu ya subira. Neno hili twalijua mno, hata nachelea kwamba tumelichosha. Tangu wazee wetu walipotawanyika baada ya 1964, wengine Muscat, wengine Dubai na London, kila aliyelia aliambiwa, "Subiri." Mara nyingi maana yake ilikuwa, "Nyamaza."

Nabii Yaakub hakunyamaza. Katika Sura ya 12 ya Qur'ani, alipoletewa kanzu ya Yusuf yenye damu ya uongo, alisema kuwa lake yeye ni subira njema. Na juu ya hivyo alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, aliwajibu kuwa majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Kisha, na hapa ndipo nipendapo tusimame, papo hapo akawaamrisha waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Subira yake ilikuwa na machozi, na dua, na miguu ya kutafuta.

Wataalamu wa kale waliyafahamu haya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kimoja juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Huzuni aliigawa mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliiona inatokana na mwili na yahitaji tiba ya mwili.

Nasema haya kwa kuwa kijana wetu mmoja, aliyeniruhusu nimtaje bila ya jina, alikaa miaka miwili Uingereza hali wala halali. Alipopiga simu, mimi mjomba wake nilimwambia asubiri na azidishe sala. Sala hakuiacha hata siku moja. Alichokosa ni mtu wa kumpeleka kwa daktari, na aliyempeleka mwishowe ni jirani, si sisi. Leo anatumia dawa, anafanya kazi, na ndiye aliyetupikia biriani ya mchana huu. (Chumvi ilizidi kidogo; na hilo tumelisubiria.)

Nimekwisha kumtaka radhi. Baada ya Magharibi nitabaki chumba cha nyuma, penye mabirika ya chai. Mwenye jambo na aje, hata likiwa ni la kulia tu.

Wassalaamu alaykum.