Kuendesha Gari la Kukodi Ugenini: Hofu Ipewe Kazi

(Hotuba kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Spring Valley, Nairobi)



Mimi kazi yangu ni udereva, na nitasema yale ninayoyajua.

Siku hizi vikundi vyetu vinatembeleana hata nje ya Kenya. Kikundi kimoja kilichanga pesa mwaka mzima ili watu sita waende Rwanda kuona wenzao wanavyolima matuta milimani. Walikubaliana kukodi gari Kigali, na mwenzao mwenye leseni aendeshe. Safari ilipokaribia, mwenzao huyo akakosa usingizi. Alikuwa na miaka 15 barabarani, lakini hajawahi kushika upande wa kulia. Kusema aliona haya, maana pesa zilikuwa za watu wote.

Jameni, hapo ndipo hatari inapoanza. Si katika kuogopa, bali katika kuficha.

Hofu hii inatoka wapi? Sisi Kenya, pamoja na Uganda na Tanzania, tunashika kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanashika kulia. Mkitoka hapa mkavuka Lower Kabete Road, gari la kwanza kuwafikia litatoka mkono wa kulia. Hakuna anayewakumbusha, shingo inageuka yenyewe. Kigali gari hilo litatoka kushoto. Basi anayeogopa si mjinga. Mwili wake unamwambia kwamba mazoea yake yanaweza kumdanganya. Wa kuhofiwa ni yule anayesema, "Mimi naweza tu."

Je, mtu mzima anaweza kubadilika? Anaweza. Ethiopia ilihama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1964. Sweden nayo ilihama alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima kwa siku moja. Lakini watu walitayarishwa mapema, na kasi ya magari ikapunguzwa kwa muda. Nasi tufanye hivyo hivyo: tujitayarishe, twende polepole.

Kwanza, mambo ya karatasi. Kabla ya kulipa amana, ulizeni kama leseni yenu inatosha au mwenye gari anataka pia cheti cha kimataifa cha udereva. Ulizeni bima inalipa nini, na ajali ikitokea ninyi mtalipa kiasi gani. Zungukeni gari pamoja na mwenyewe, kila mkwaruzo uandikwe na upigwe picha. Mkiweza, chukueni gari la otomatiki, dereva apunguziwe kazi moja.

Pili, dereva akae ndani ya gari likiwa limesimama. Usukani uko kushoto, gia iko mkono wa kulia. Pedali hazikubadilika: klachi, breki na mafuta ziko vile vile. Lakini magari yetu mengi ya Japani yana kijiti cha indiketa upande wa kulia wa usukani, na kule kiko kushoto. Mkiona waipa zinapangusa kioo kikavu, msimcheke. Alitaka kuonyesha kwamba anakata kona.

Tatu, shikeni kanuni hii moja: katika gari la nchi ile, bega la dereva liwe karibu na katikati ya barabara, na abiria wa mbele awe upande wa mtaro. Hapa kwetu ni hivyo, na kule ni hivyo. Ukiona wewe dereva ndiye uko karibu na mtaro, umepotea upande. Mkivuka mpaka na gari la Kenya mambo yanageuka: dereva atakuwa upande wa mtaro na hataona mbele ya lori vizuri. Huyo asiharakishe kupita wengine. Na gari hilo liwe na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu nje ya nchi.

Nne, jueni hatari iko wapi. Penye magari mengi utafuata wenzako. Mazoea hurudi pale barabara ni tupu: asubuhi mnapoanza safari, mnapotoka kituo cha petroli, mnapokata kona kushoto. Tena kwenye mizunguko. Ndugu zetu wa Tanzania huita mzunguko kipilefti, jina lililotoka kwenye amri ya Kiingereza ya kushika kushoto. Kule jina hilo litawapoteza: mnaingia kwa kulia.

Tano, dereva apewe msaidizi. Akae mbele, asisinzie, na kila kona aseme, "Kulia, shika kulia." Wengine nyuma wanyamaze mjini. Siku ya kwanza msiendeshe usiku. Tafuteni njia tulivu, mzunguke nusu saa kabla ya kubeba watu wote. Na mnaotembea kwa miguu, tazameni kushoto kwanza.

Yule mwenzetu hatimaye alisema mbele ya kikundi. Hakuna aliyemcheka. Walimpa msaidizi, wakaacha siku ya kwanza iwe ya mazoezi, na wote sita walirudi nyumbani salama.

Ikiwa baada ya haya yote hofu bado ni kubwa, kodini gari pamoja na dereva wa huko. Gharama itaongezeka, ndiyo, lakini pesa huchangwa tena. Mtu hachangwi.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Mwenzetu akiogopa kazi tuliyompa, je, anaweza kutuambia bila haya?
2. Katika safari yetu ijayo, nani ataendesha na nani atakuwa msaidizi wake? Majina yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.
3. Je, tumetenga pesa za kukodi dereva ikibidi?