Askari wa Mapafu na Moshi wa Futari

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Suneka)



Wazazi wangu, kaka na dada zangu, na wewe msomaji uliyeshika gazeti hili ukingoja adhana ya Magharibi. Nimepewa muda mfupi nizungumzie afya. Labda ulidhani nitazungumzia sukari na presha, maana ndiyo tunayosikia kila Ramadhani. Leo nataka tuingie jikoni.

Hebu fikiria hapa kwetu Suneka saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha, kuni zimelowa, na dirisha la jiko limefungwa kwa sababu ya baridi, kama dirisha lenyewe lipo. Mama ameinama kwenye mafiga, anapuliza, anakohoa, anajifuta machozi kwa leso, anapuliza tena. Usiku wa manane ataamka arudi pale pale kwa ajili ya daku. Sisi tunakula na kushukuru. Kile kikohozi tunasema ni moshi tu. Akifika miaka hamsini akawa anahema akipanda kilima, tunasema ni uzee.

Ndugu yangu, mara nyingi si uzee. Ni ugonjwa, na una jina: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 uliua watu kama milioni 3.5 duniani. Wengi tunaujua kama ugonjwa wa wavuta sigara. Lakini mama ambaye hajawahi kugusa sigara anaweza kuupata kwa kuni.

Unaingiaje? Ukivuta pumzi, hewa inapita kooni, inaingia kwenye mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, mpaka inafika kwenye vifuko vidogo sana. Mtu mzima ana vifuko milioni 300 na zaidi. Kuta zake ni nyembamba mno, na hapo ndipo hewa safi inapoingia kwenye damu.

Ndani ya vifuko hivyo Mwenyezi Mungu ameweka askari. Ni chembe hai zinazoitwa makrofeji, yaani mlaji mkubwa. Mwanasayansi Ilya Mechnikov alianza kuelewa kazi ya chembe za namna hii mwaka 1882 akiwa Messina, Italia. Alimchoma kiumbe mdogo wa baharini kwa mwiba, akaona chembe zinakusanyika kuuzunguka ule mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel.

Makrofeji wa mapafu wana kazi tatu. Wanameza vumbi na vijidudu. Wanazoa chembe zilizokufa. Na wakizidiwa, wanapiga mbiu kuita askari wa akiba kutoka kwenye damu, wanaoitwa nyutrofili. Hawa wa akiba ni wakali. Wamebeba kemikali zinazoua vijidudu, lakini kemikali hizo hizo zinaweza kukata nyama ya mwili wenyewe. Umewahi kuchomwa na mwiba kidole kikavimba, kikawa chekundu, kikapata joto? Hiyo ndiyo vita yao. Vita ikiisha, nyutrofili wanakufa, makrofeji wanawazoa, uvimbe unashuka, amani inarudi.

Sasa leta moshi, asubuhi na jioni, miaka ishirini. Makrofeji wanameza masizi mpaka wanashiba, na masizi hayayeyuki. Nguvu yao ya kumeza vijidudu inapungua. Lakini sauti yao ya kupiga mbiu haipungui! Wanaendelea kuita, na nyutrofili wanaendelea kuja. Wakifa hawazolewi vizuri, wanapasuka na kumwaga kemikali zao pale pale. Kuta za vifuko zinakatika, vifuko vinaungana na kulegea. Mirija inanenepa kwa ndani na kujaa makohozi. Hewa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Askari katika pafu la mgonjwa huyu ni wengi kuliko wa mtu mzima wa afya, lakini hawalindi. Adui wanamwacha apite, na nyumba wanaibomoa wao wenyewe. Ndiyo sababu mama huyu kila msimu wa mvua ana homa ya kifua isiyokwisha. Na hata moshi ukiondoka, askari hawa hawatulii mara moja. Kwa walioacha sigara imeonekana kwamba uvimbe unaweza kubaki kwa miaka. Ukuta wa kifuko uliobomoka haujengeki tena. Dawa zinafungua njia ya hewa, na kuacha moshi kunapunguza kasi ya ugonjwa, lakini kilichopotea kimepotea. Kwa hiyo tusingoje.

Usidhani haya ni ya maabara za Ulaya. Mwaka 2009 watafiti walitoa taarifa kutoka Malawi, walikochunguza makrofeji za watu wazima wakakuta masizi ndani yake. Waliopikia kuni walikuwa na mzigo mkubwa kuliko waliopikia makaa. Majirani zetu Uganda, wilaya ya Masindi, watu wa kijijini wenye umri wa miaka zaidi ya 30 walipimwa pumzi. Taarifa ya mwaka 2015 ilisema asilimia 16 walikuwa na ugonjwa huu, wengine wakiwa bado katika miaka ya thelathini. Hapa Kenya, kule Laikipia, nyumba 55 zilifuatiliwa, na taarifa ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi ndivyo anavyougua njia za hewa mara nyingi.

Wala si moshi wa kuni peke yake. Sigara na shisha ni njia ile ile. Na ndugu zetu wanaochonga mawe kule Tabaka, lile vumbi jeupe nalo linamezwa na askari hawa hawa. Kata jiwe likiwa limeloweshwa maji, fanya kazi nje, funika pua na mdomo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kijana wa kiume, jiko linakuhusu. Pasua kuni mapema, zianike, zihifadhi pakavu. Kuni mbichi ndizo zenye moshi mkali. Toboa dirisha, acha nafasi chini ya paa, weka bomba la moshi. Siku isiyo na mvua, pikeni nje.

Pili, jiko bora ni jema, lakini usilitegemee peke yake. Malawi waligawa majiko yenye moshi mdogo na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha homa ya mapafu haikupungua, na watafiti walieleza kwamba yapo mengine yanayochafua hewa, kama taka zinazochomwa na sigara. Kwa hiyo safisha hewa yote ya boma. Mwenye uwezo wa gesi, aanze na mama. Makaa nayo msiyalaze ndani ya nyumba iliyofungwa, yana hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika.

Tatu, mtoto mchanga asibebwe mgongoni karibu na mafiga. Mpokee mama huyo mtoto.

Nne, kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe kifua kikuu. Kikiwa si kifua kikuu na bado pumzi ni fupi, usikubali kurudishwa na dawa ya kikohozi tu. Omba kipimo cha kupuliza pumzi katika hospitali kubwa.

Tano, wewe unayevuta sigara, ukiweza kuiacha kuanzia alfajiri mpaka magharibi, umejionea mwenyewe kwamba unaweza. Usiifungulie.

Na mgonjwa anayetumia pampu ya kifua? Wanazuoni wa zama zetu wametofautiana: wako waliosema haifunguzi, na wako waliosema inafunguza. Muulize sheikh wako na daktari wako mapema. Lakini pumzi ikibana, tumia dawa. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona ana fidya. Kujiua kwa kukosa pumzi si ucha Mungu.

Leo adhana ikilia, kabla hujachukua tende, ingia jikoni uangalie hewa anayovuta aliyekupikia.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na azikubali funga zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.