Yatima na Jina la Baba Yake

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyezaliwa baba yake amekwisha kufa, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Enyi Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani. Zayd bin Haritha alitekwa angali mtoto, akauzwa, akafika Makka katika nyumba ya Bwana Mtume (S.A.W.) kabla ya utume. Baba yake alimtafuta mpaka akampata, akaja na fidia mkononi. Zayd akahiyarishwa, akachagua kubaki, na watu wakawa wanamwita Zayd bin Muhammad. Kisha zikateremka aya za Sura ya Al-Ahzab, zilizoamrisha watoto wanasibishwe na baba zao, akarejea kuitwa bin Haritha. Mapenzi hayakupungua hata chembe. Kilichorejeshwa ni haki ya baba aliyemlilia mwanawe.

Sasa tazameni ya zama zetu. Huko Marekani, tangu mwaka 1997, serikali humpunguzia kodi mtu anayeasili mtoto, hata akimtoa nchi ya mbali. Kwa mwaka 2024 nafuu hiyo ilifika mpaka dola 16,810 kwa mtoto mmoja. Wako wanaosikia haya wakasema kuwa watu hao wananunua watoto. Hilo si neno la insafu. Serikali inayomsaidia raia wake kumlea asiye na mlezi imetenda heri, na wengi wa wazazi hao wana nia safi. Lakini nafuu hiyo humfikia anayempokea mtoto ng'ambo; bibi yake kijijini, ambaye angemlea kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, hapati kitu. Na penye fedha hapakosi dalali.

Wala si dhana. Mwezi wa Agosti 2020 Marekani yenyewe iliwawekea vikwazo watu wa Uganda, miongoni mwao majaji wawili na wakili, kwa tuhuma za njama ya kuwatoa watoto kwa wageni. Wazazi wa vijijini waliahidiwa kuwa watoto watapelekwa Kampala wakasome; kumbe walikuwa wakionyeshwa kwa wageni kama mayatima, na wazazi wao wako hai! Kenya ilikwisha kuwazuia wageni kuasili watoto tangu Novemba 2014.

Sheria yetu inayo kafala: umlishe yatima, umvike, umsomeshe, ukipenda umuusie katika thuluthi ya mali yako, na jina la baba yake libaki. Akinyonyeshwa na mkeo kabla ya kutimia miaka miwili, kunyonya kunakotimiza masharti, huwa maharimu wa nyumba hiyo. Akikuita baba kwa mapenzi, hapana ubaya. Ubaya ni cheti cha uongo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina lake, Morocco iliitungia sheria mwaka 2002, na Kenya ikaitambua katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Basi tusiseme tena kuwa serikali hazitufahamu.

Wenzetu wametenga fedha. Sisi tumetenga nini? Twasikia waqfu wa mikeka na wa rangi za kuta. Ni nadra kusikia waqfu wa ada ya skuli ya yatima anayelelewa na bibi yake. Kamati za misikiti na ziandike mayatima wa kila mtaa na wanaowalea, na aliye fakiri miongoni mwao apewe zaka kabla hajaja kuomba.

Na wewe uliyeletewa karatasi utie sahihi ili mtoto wa marehemu ndugu yako apelekwe ng'ambo kusoma, usitie mpaka isomwe yote kwa lugha unayoifahamu, mbele ya kadhi au afisa wa ustawi wa jamii. Uliza ataitwa nani huko aendako, na kama mama yake atapata kumwona tena.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.