Gari Lisilo na Sauti

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno manne: injini, betri, sauti, hatari. Somo letu la leo ni juu ya maneno hayo.

Kwanza nina swali. Mtu akitaka kuvuka barabara hutumia nini? Wengi mtajibu: macho. Jibu hilo ni nusu tu. Mtu hutumia na masikio pia. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, penye kuta za mawe na kona za ghafla, sikio hutangulia jicho. Gari bado liko nyuma ya ukuta, nawe umekwisha jua kwamba linakuja, na kwamba lina haraka au halina. Aliyekuambia ni injini.

Injini ya petroli au ya dizeli huchoma mafuta ndani yake. Kila mafuta yanapowaka hutokea mlipuko mdogo, na milipuko hiyo mingi ndiyo ngurumo tunayoisikia. Mota ya umeme haichomi kitu. Hupata nguvu zake katika betri, nayo huzunguka karibu kimya. Yako pia magari yenye injini na mota pamoja, kama vile Toyota Prius. Gari la namna hiyo likienda polepole laweza kuzima injini na kutembea kwa umeme peke yake. Magari yaliyotumika Japani hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na ya namna hii yamo. Siku hizi ziko na pikipiki na bajaji za umeme.

Vyombo hivi ni vizuri. Vikitembea kwa umeme, havitoi moshi barabarani wala havipigi kelele. Lakini tuchukue mfano. Bibi mmoja anatoka sokoni na kikapu chake. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Anasimama kando ya njia, anasikiliza, hasikii kitu, anavuka. Bajaji ya umeme inakata kona. Dereva anakanyaga breki, inasimama hatua moja tu mbele yake.

“Shikamoo, Bibi! Hukuniona?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kutoona nimekuzoea. Leo naona na masikio yamekufa.”

Masikio ya Bibi hayakufa. Bajaji ndiyo iliyokuwa bubu.

Jambo hili limeonekana nchi nyingi. Huko Marekani watu wasioona walilalamika kwamba magari ya umeme yanawanyima njia yao ya kujua hatari. Bunge likapitisha sheria, nayo ikatiwa sahihi Januari 2011, ili magari hayo yawekewe sauti. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Julai 2021 kila gari jipya la umeme lazima litoe sauti ya kuwaonya watu, tangu linapoondoka mpaka mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na linaporudi nyuma pia. Kwa nini 20 tu? Kwa sababu likizidi mwendo huo, tairi na upepo husikika vyenyewe.

Je, gari lililokwisha tengenezwa bila sauti, laweza kuongezewa? Ndiyo. Agosti 2010 kampuni ya Toyota ilianza kuuza huko Japani kifaa cha kufungwa katika Prius. Bei yake ilikuwa yeni 12,600, bila ya gharama ya kukifunga. Gari lilipokwenda kwa umeme, mpaka karibu kilomita 25 kwa saa, kifaa kilitoa sauti mfano wa mota, iliyopanda na kushuka kwa kufuata mwendo.

Kifaa cha namna hii kina sehemu tatu. Ya kwanza hupokea habari za mwendo wa gari. Ya pili ni kompyuta ndogo, ambayo hutengeneza sauti. Ya tatu ni spika isiyoingia maji, ambayo hufungwa mbele, nje ya gari.

Kumbukeni mambo matatu. Kwanza, sauti lazima ifuate mwendo. Gari likiongeza mwendo, sauti ipande, likipunguza, ishuke. Muziki haufai kwa kazi hii, maana wimbo ni ule ule, gari likija au likisimama. Pili, sauti isiwe kubwa mno. Sheria ya Ulaya yataka isipungue desibeli 56 kwa mwendo wa kilomita 20, wala isizidi 75. Hiyo 56 haiko mbali na sauti ya watu wawili wakizungumza. Anayefunga spika ili gari dogo lingurume kama lori usiku hamsaidii Bibi; anawaamsha watoto tu. Tatu, kazi hii ni ya fundi anayejua umeme wa magari. Nyaya nene za rangi ya machungwa katika gari la umeme zina umeme wa kuua. Usiziguse.

Na chombo kisicho na kifaa? Dereva, nenda polepole penye watu, hasa kwenye kona, shuleni na sokoni. Usitegemee honi peke yake, kwa maana honi hupigwa baada ya kumwona mtu, na kwenye kona huenda ukamwona umechelewa. Nawe unayetembea, usiseme, “Kimya, basi njia ni nyeupe.” Tazama kulia, kushoto, na kulia tena. Ukimkuta asiyeona anangoja, mwulize kama anataka msaada, kisha mpe mkono wako aushike.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Kwa nini mota ya umeme haingurumi?
2. Kwa nini muziki hauwezi kuwa sauti ya kuonya?
3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani mtu huvuka kwa kutegemea masikio? Mtafanya nini hapo?

Kila mmoja na aandike jibu la swali la tatu kwa sentensi mbili. Kwaherini, mpaka somo lijalo.