Tairi Kubwa, Mshale Muongo



Karibuni nilisafiri kutoka Korogwe kwenda Handeni kwa gari dogo la abiria lililonyanyuliwa juu kama mtu aliyevaa viatu vya mchuchumio. Dereva alinieleza kwa fahari kwamba ameondoa matairi ya 195/65 R15 yaliyokuja na gari, akafunga 215/75 R15. Nia yake ni kupita makorongo ya vijijini bila gari kugonga tumbo.

Nia hiyo naielewa. Ukiiacha lami ukaingia njia za vumbi wakati wa masika, gari la chini huteseka. Lakini siku hiyo tulikuwa juu ya lami.

Nilikaa kiti cha mbele. Mshale ulionyesha 80. Kwa mwendo huo kilomita moja huchukua sekunde 45. Nikatazama saa yangu kati ya nguzo mbili za kilomita: sekunde 41. Nikarudia, zikawa 41 zilezile. Tulikuwa tunakimbia karibu 88!

"Mzee, gari hili nalijua," dereva alinijibu nilipomweleza. Gari alilijua, matairi hakuyajua.

Kipima mwendo hakioni barabara. Kinahesabu mizunguko tu. Tairi la zamani likizunguka mara moja, gari husogea kama mita 1.99, hili jipya, mita 2.21. Zile sentimita 22 za kila mzunguko hazihesabiwi. Tulipofika Sindeni dereva alipunguza hadi 50, akiamini anatii sheria ya kwenye makazi ya watu. Kumbe alikuwa 55.

Ndugu zangu, mwendo ukizidi kwa sehemu moja ya kumi, umbali wa kusimama tangu breki zishike huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Na breki zenyewe ni zilezile, sasa zinazuia gurudumu kubwa zaidi. Gia zote huwa nzito, injini ikataabika mlimani. Usukani ukikatwa, tairi husugua madigadi. Na gari lililonyanyuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona.

Simlaumu dereva peke yake. Wapo wenye magari na mafundi wanaosema, "Limeingia, basi." Jamani, kuingia si kufaa!

Tujifunze kusoma tairi. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni rimu kwa inchi. Anayetaka rimu ya 16 badala ya 15 apunguze ubavu: 205/55 R16 inakaribiana sana kwa kimo na 195/65 R15. Aangalie pia namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba. Na kabla ya kununua, asome kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva. Ekseli moja isifungwe saizi mbili.

Nawe abiria, una saa. Mshale ukisema 80 na kilomita ikaisha kabla ya sekunde 45, mwambie dereva kwa upole. Mtoto anayevuka barabara pale Sindeni hauoni mshale. Analiona gari tu, na linamfikia mapema kuliko dereva anavyodhani.