Dinosaria Si Kosa Kubwa

Filamu ya One Million Years B.C., iliyotolewa na kampuni ya Hammer ya Uingereza mwaka 1966, inastahili kuonyeshwa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kwa heshima ya Ray Harryhausen, aliyefariki 2013, na mwigizaji Raquel Welch, aliyefariki 2023. Harryhausen alisogeza sanamu ndogo ya mnyama kidogo kidogo, akipiga picha kila hatua, hadi mnyama akatembea. Ufundi huo haustahili dharau. Wasomi huicheka filamu kwa sababu inawakutanisha binadamu na dinosaria, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kosa hilo halidanganyi mtu, maana hata mwanafunzi wa shule ya msingi hulinasa. Linalopita bila kukaguliwa ni lile la binadamu wa kale anayenguruma, mwenye vijineno vichache vya kubuni. Tena filamu imempangia madaraja: kabila la Mwamba, wenye nywele nyeusi, ni wakatili, kabila la Kombe, wenye nywele za dhahabu, ndio wanaojua kuvua kwa mikuki.

Uvuvi huo una ushahidi wake hapa kwetu. Katanda, kando ya mto Semliki, si mbali na unapotoka Ziwa Edward, wanaakiolojia Alison Brooks na John Yellen walifukua vyusa vya mfupa pamoja na mabaki ya kambare wakubwa, na mwaka 1995 wakatangaza kuwa vina miaka kama 90,000. Ubavuni vina meno yaliyochongwa ili samaki akichomwa asijichomoe. Anayechonga hivyo anamjua samaki kabla hajamwona, na ufundi wa namna hiyo ni vigumu kuurithisha kwa mingurumo. Wapo wanaoutilia shaka umri huo, kwa kuwa vyusa vya Ishango, jirani na hapo, vinavyofanana navyo ni vya baadaye sana. Sawa, tuupunguze, Ishango itabaki palepale. Huko, mwaka 1950, mtafiti Jean de Heinzelin aliokota kijifupa cha kama sentimita 10, chenye kipande cha kwatzi nchani na safu tatu za mikato, cha miaka kama 20,000. Ni hesabu, au ni mikato ya kuzuia mkono usiteleze? Ubishi haujaisha, na hoja yangu haiutegemei: hata mpini una fundi wake.

Mtu atasema filamu inahusu miaka milioni moja iliyopita, kabla ya binadamu wa aina yetu. Basi mbona imewapa wahusika miili yetu, na Welch nywele zilizotengenezwa vizuri hivyo? Mwingine atasema ni burudani tu. Ni kweli, na ndiyo maana inaaminika: mtazamaji hujilinda dhidi ya mhadhara, si dhidi ya burudani. Wanaokula samaki wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward, wanakula kazi ya ziwa lilelile, lakini kijifupa chenyewe kiko Brussels, na vita vimewafanya wengi wasifike Ishango. Kwa hiyo picha ya chusa cha Katanda itangulie kwenye pazia, ikae hapo dakika za kutosha watu wahesabu meno yake, kisha dinosaria waachiwe.